Likizidi Kuzeeka

Mnunuzi kaja kutoka Nairobi na tochi,
akajilaza chini ya Skaileni yangu,
akainuka na mchanga wa Shela mgongoni:
"Mzee, hili linapanda bei kila mwaka.
Likizidi kuzeeka, ndivyo linavyotakiwa."

Nikamtazama.
Wiki hiyohiyo hospitali walimleta Mbeyu wa Kakoneni,
kichwa kimefungwa leso iliyolowa damu.
Kosa lake mvi,
na macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini.
Shamba lake, wanawe walikwisha kuligawa.

Miaka ishirini na sita, tangu lishuke Kilindini
kutoka Yokohama, nimelifunika turubali,
nikilipangusa chumvi, nikifukuza paka.
Marehemu mke wangu aliliita mke mwenza:
"Lina chumba chake, na halijui hata njia ya sokoni."
Kweli. Mara moja tu nililikanyaga mafuta,
barabara ya Mambrui, usiku,
Sabaki ikapita chini
kabla sijamaliza bismillahi.

Funguo nimempa Nyevu, wa nyumba ya wazee kule Ganda.
Akaniuliza, "Tunywe petroli?"
Nikamwambia uza. Jenga ukuta.
Weka milango inayofungwa kwa ndani.

Jana nimekwenda. Mbeyu kanishika mkono:
"Wewe ndiwe mwenye gari?"
Nilikuwa, nikasema.
"Lilikuwa na miaka mingapi?"
Thelathini na moja.
Akacheka, ufizi mtupu.
"Toto," akasema. "Toto kabisa."