Safu ya Tatu

Usiku wa mvua ya mawe, mwezi wa tatu,
kizimba namba saba pale Luchelele kilipasuka ubavu.
Mwenye mali, Bwana Lutonja, akaandika barua:
*wametoroka mia tatu hivi.*
Mzamiaji wake alinitazama, akatazama maji.
Mia tatu ndio waliobaki.

Tangu hapo, kila Jumanne, mimi na Maseke
tuko mdomoni mwa Mto Magogo
na wavu, na mizani, na rula ya mbao
iliyofutika sentimita nne za mwanzo
(tunaanzia nne, tunatoa baadaye),
na vichupa vya spiriti, vidogo kama vya dawa ya macho.
Tunamtoa samaki, tunampima, tunamkata ncha ya pezi
isiyozidi ukucha wa mtoto,
tunampa namba, tunamrudisha.
Wapitao na baiskeli huuliza:
"Wangaluka! Mnavua au mnacheza?"

Kumtambua wa kizimba si kazi.
Mkia wake umelika kwa kusuguana na nyavu,
umekuwa mviringo kama kijiko cha urithi.
Mama Ngolo, mkaangaji, yeye humjua kwa karai:
"Huyu hujikaanga mwenyewe.
Mimi namchangia moto tu."

Lakini alama kubwa ni kivuli.
Simama ukingoni, nyoosha mkono.
Wa mtoni hutawanyika
kama shanga uzi ukikatika.
Wa kizimba huja.
Huja midomo wazi, wanasukumana,
wanangoja tembe za saa mbili asubuhi
kutoka mkono usio wangu.
Jumanne ya kwanza nilicheka.
Jumanne ya nne niliurudisha mkono mfukoni,
maana mnandi naye ana kivuli,
na kijana mwenye ndoana ana kivuli.

Na mwenyeji ni nani, hata hivyo?
Ngege alikuwa hapa mto haujapewa jina.
Sato wa pori, huyu ninayemwandika *asili*
bila mkono kutetemeka,
babu yake aliletwa kwa pipa, akamwagwa ziwani
na watu wenye rula kama yangu, labda nzima.
Akakaa. Tukasahau. Tukamwita wetu.
Sasa wanakuja jamaa zake waliolelewa kwa ratiba,
wanene, wapole, hawajui kubisha hodi,
na ngege waliosalia ni wachache mno
kuweza kusema karibu au kukataa.

Mwezi wa nane nilimshika jike wa ngege,
kinywa kimefumba, mashavu yamevimba.
Nilijua amebeba.
Ndivyo walivyo: watoto huatamiwa mdomoni,
wiki nzima mama hali,
wala huwezi kumwuliza baba ni nani,
kinywa kimejaa jibu.
Maseke alisema tumpime.
Nikasema huyu tumwache.
Kwenye fomu nafasi yake ni tupu hadi leo,
na mkuu wangu amezungushia duara jekundu.

Kisha akaja namba mia nne kumi na mbili.
Kidogo, kirefu kidogo kuzidi kiganja.
Kichwa cha ngege, kidomo cha ngege,
na mkiani mistari, ile mistari ya sato,
myembamba, kama iliyochorwa na mtu mwenye haraka.
Kabla ya wavu nilikuwa nimemwona:
alikikimbia kivuli changu.
Akasimama.
Akageuka.

Fomu ina safu mbili. *Pori. Kizimba.*
Maseke ameshika penseli, maji yanamchuruzika viwikoni.
"Namweka wapi?"
Samaki alikuwa anahema kwenye beseni, mimi nahema juu yake.
"Nkwimba. Wapi?"

Nikachukua ile rula isiyo na mwanzo,
nikachora mstari mwingine pembeni ya karatasi,
karibu na tundu la faili, mahali pasipo na nafasi.
Juu yake sikuandika kitu.

Tukamrudisha majini.
Hakuondoka upesi.
Alibaki kando ya mtumbwi, mapezi yanapepea,
kana kwamba bado tunadaiwa.