Upande wa Upepo

Siku tatu sijagusa sabuni.
Mume wangu alinuna, kisha akahamia kochini.
Koti nimelisugua samadi ya farasi
niliyoomba kule uwanja wa mbio;
mtunza farasi akacheka: "Mama, unalima nini usiku?"

Nalima kimya.

Tumbo chini, kidevu topeni,
ni gogo mimi kati ya magogo ya mikalitusi.
Siafu kapanda kifundo, kapima goti, kaendelea.
Mwache. Anayetikisika ndiye anayeonekana.
Musembi ndiye aliyenifunza haya
mwaka ule tulipovaa sare moja,
kabla hawajamwachisha kazi kwa barua ya mistari miwili:
"Usimkazie mnyama macho, Kanini.
Jicho lina uzito, atalihisi shingoni.
Tazama pembeni, kama unayedaiwa
na mdai wako kaingia dukani."

Ng'ambo ya miti malori yanaguna.
Upepo unatoka Kibra,
una moshi wa makaa, una mandazi ya kwanza.
Mwema: unanipiga usoni.

Hatua sita mbele yangu, kitanzi.
Waya wa breki ya baiskeli.
Nane nimeng'oa mwezi huu, hiki nimekiacha;
mtego wake ni chambo changu.
Fundo nalitambua,
mara mbili, kisha kurudi nyuma.
Sijamwambia mkubwa wangu.

Saa kumi na moja na robo, paa.
Miguu njiti za kiberiti.
Akasimama, pua ikifanya hesabu,
kitanzi shubiri moja na shingo.
Nikikohoa, ataruka, na usiku wangu utaruka naye.
Sikukohoa.

Hapo upepo ukageuka,
kama ndugu siku ya kugawa shamba.

Kichaka cha ng'ambo kikakohoa.

Paa hakuwepo tena. Majani tu, yakitetemeka.
Na sauti, ya chini, bila haraka:
"Sabuni umeacha, Kanini.
Umesahau dawa ya meno."

Nilihesabu hadi mia. Au hamsini, sijui.
Nilipofika, nyasi zilikuwa zinainuka
mojamoja, mahali penye joto la mtu.
Waya haukuwepo.

Nikalala palepale, kidevu chini.
Kutoka hapo,
mahali nilipojificha usiku kucha
paonekana wazi, hata kitufe cha koti.