Nusu ya Tende

Ibra, mwisho wa mwezi wa tano. Kiyoyozi cha maabara kinakohoa vumbi.
Natoa kichupa kabatini:
ndani ya mafuta kimelala kipande
cha metali isiyopenda kuonwa.
Huyeyuka kwenye nyuzi sitini na tatu.
Bati la gari yangu, huko nje juani, limekaribia hapo.

Nakishika kwa koleo. Nakikata kwa kisu
kile tunachofungulia maboksi.
Kinakatika kama jibini, bila sauti.
"Tazameni upesi," nawaambia wasichana,
na uso mpya unang'aa, fedha tupu,
kisha, Rayya hajamaliza kuvaa miwani,
unaingia ukungu, unakuwa kijivu.
Hewa imeshaugusa.

"Elektroni kumi na tisa," nasema.
"Kumi na nane zimelala ndani, komeo limefungwa.
Moja imebaki ukumbini peke yake,
mkono kitasani,
inamngoja yeyote wa kupiga hodi."

Maji yakapiga hodi.
Kipande kama punje ya mtama kikaelea,
kikakimbia huku na huku kama aliyekanyaga kaa la moto,
kikazomea, kikawaka mwali wa urujuani,
rangi ya ulimi wa mtoto aliyeiba zambarau,
kikapasuka.
Tone la kipimo: maji yakawa waridi.
"Kimekufa?" akauliza Shaikha.
"La. Kimetoa kile kimoja. Kimetulia."

Darasani, kwa Kiarabu, husema *qalawi*.
Nyumbani mama yangu, Bi Ghaniya, husikia *kali*,
na huitikia: "Kali kweli, ndiyo inayoniua."
Nimemweleza kuwa maneno haya si ndugu:
moja limetoka kwenye majivu ya magugu ya chumvi,
jingine tumezaliwa nalo.
"Basi majirani," akasema,
"na jirani ndiye ajuaye kelele za nyumba."

Jumapili, Jumanne, Alhamisi, mashine humwosha damu.
Sista Jincy husoma karatasi: sita nukta moja.
Hutikisa kichwa.
Ndizi, marufuku. Maji ya dafu, marufuku. Tende —
hapo mama hugeukia ukuta.

Viazi navikata vidogo, naviloweka usiku kucha,
asubuhi namwaga maji.
Hayazomei. Hayawaki.
Imo humo, ile ile, imeshatoa chake,
kimya kama mgeni aliyekwisha kula.
Lakini ikizidi kidogo tu damuni
moyo husahau zamu yake.
Ikipungua, husahau pia.
Hili sijapata kulichora ubaoni.

Siku moja, mirija mkononi, mama akanitungia,
akihesabu mizani kwa vidole vya mkono uliobaki:

*Kalala ndani mafuta, maji kwake huwa moto,*
*Kwa kisu ukimkata, ni laini kama mto,*
*Moyoni nikimpata, mapigo huwa mazito,*
*Mwanangu tende kafuta, nami nalia kitoto.*

Sista Jincy akauliza tunacheka nini.
Tukashindwa kumfasiria.

Mtende wetu wa naghali umewahi kuiva.
Mama anagawa sahani kwa sahani,
watoto wa jirani wanamwita kwenye ukuta,
na kila sahani inapotoka
mabega yake yanashuka kidogo.

Jana usiku nikaleta tende moja na kisu.
Daktari alisema nusu, tena mara moja kwa wiki.
Ikakatika bila sauti.
Uso wake mpya ukang'aa kwa asali
nami, kwa mazoea, nikangoja ufifie.

Mama akaiweka ulimini. Hakutafuna.
Akafumba macho muda mrefu, mpaka nikamshika kifundo cha mkono
nikahesabu.
Kisha akasukuma kisosi upande wangu, na ile nusu nyingine.
"Kula wewe," akasema. "Kwako haijawa kali."