Karai la Tisa

Makaburini Lang'ata, Mchungaji Ombachi
alisema kazi ya Mungu haina makosa.
Watu wakaitikia amina. Mimi nikatazama
viatu vyangu, simiti imeganda kwenye mishono.

Kazi ipi ya Mungu? Ile ilikuwa yangu.
Mchanga makarai sita, simiti karai moja:
ndivyo nilivyofunzwa na marehemu baba.
Kasyoka msimamizi akapita, simu sikioni,
akasema ongeza la saba, ongeza la nane,
akaenda zake kutafuta chai.
La tisa nililitia mwenyewe.
Hakuna aliyenishika mkono.

Nafuna alikuwa na miaka minne.
Ghorofa ya tatu. Akishuka ngazi alizihesabu,
na kila mara tatu ilimponyoka:
moja, mbili, nne.

Sasa wanasema iliandikwa.
Na nani? Kwa wino gani?
Kama siku ile ilikwisha kuandikwa,
basi koleo langu lilikuwa nukta tu katika sentensi ya mwingine,
na mimi sina la kutubu.
Nirudishieni dhambi yangu. Ni yangu.

Ninakumbuka kitu kidogo:
kabla ya la tisa, mkono ulisita,
kana kwamba mtu ameniita kwa jina, polepole,
bila kujua nitaitika vipi.
Sikuitika. Mashine ya zege ikanguruma.

Usiku tulipofukua kwa kucha,
taa za simu tumezing'ata kwa meno,
sikumwona Mungu juu, ameshika daftari.
Alikuwa vumbini, akikohoa nasi,
akiuliza tulichouliza: yuko wapi? anapumua?
Mtasema nakufuru. Semeni.

Leo Jumatatu, tuko Ruai, ploti nyingine.
Ndege inashuka kuelekea Embakasi, chini sana,
na msimamizi huyu mpya ana sauti ile ile:
"Fundi, mchanga bado. Mwenye nyumba analia gharama."
Vijana wameegemea makoleo, wananitazama.

Ghorofa hii bado haina mtu.
Haina pazia, haina mtoto wa kuruka tatu,
haina kaburi. Hata mbinguni
hakuna ukuta uliotundikwa picha yake.

Sita yameingia.
La saba liko mikononi mwangu, zito,
na yule anayeita ameita,
sasa ameshika pumzi,
hajui.