Nafasi Kati ya Nondo

Waliingilia dirisha la bafuni.
Bi Ofelia Larrauri ananionyesha kwa kijiko,
kimoja kilichosalia kati ya kumi na viwili:
hiki kilikuwa kimezama kwenye kopo la sukari.
Ni Julai, Montevideo; baridi ya mtoni inapenya hadi kwenye kucha.
Ananipa kibuyu cha chai chungu, nanyonya kwa mrija wa chuma,
nasikiliza hesabu ya vilivyokwenda:
redio, koti la marehemu, vijiko, mashine ya kupimia presha.
"Presha yangu wataifanyia nini, Wilmar?"
Sina jibu. Mimi ni mchomeleaji.

Jirani, Bwana Etchart, anasema juu ya ua,
kikulacho ki nguoni mwako.
Anamtaja kijana wa gesi, anamtaja mleta mikate,
kisha ananitazama mimi na mkoba wangu wa vyuma.

Mlango wa mbele haukuguswa, naukagua hata hivyo.
Bawaba zimetazama nje:
mwenye bisibisi hana haja ya ufunguo.
Nitazigeuza. Nitaweka komeo juu, jingine chini,
na skrubu ndefu zinazouma mbao hadi ukutani,
si hizi fupi, zinazong'oka kama meno ya utoto.
Uani nitaweka taa inayowaka ikiona kitu kinatembea.
"Na paka?"
"Itamwona pia."
"Basi sitalala."
"Utalala. Utajua ni paka."

Kisha bafuni.
Nalipima dirisha mara mbili, maana siamini:
shubiri moja na vidole vinne, kwa shubiri mbili.
Bega langu haliingii. La Etchart haliingii hata akifunga mwaka mzima.
Ndani ya beseni la kuogea kuna alama ya kiatu,
tope limekauka, soli ya nyota nyota.
Naweka kiganja kando yake.
Kiganja kinaizidi.

Bi Ofelia ananitazama nikitazama.
"Nimepiga deki nyumba nzima," anasema.
"Hapo sikuweza."

Nondo zina kanuni, kila fundi anaijua:
kichwa kikipita, mwili utafuata.
Hupimi bega, hupimi tumbo, unapima kichwa.
Nimefunga madirisha mia tatu ya mji huu
kwa kipimo nilichorithi kwa bwana aliyenifunza,
sentimita kumi na moja, kwa chaki, ukutani mwa karakana,
na sijawahi kuuliza kichwa hicho kilikuwa cha nani.

Usiku Yamila amelala, miaka saba,
mdomo wazi, mguuni soksi moja.
Natoa futi ya chuma mfukoni,
naipasha kwanza kwapani isije ikamshtua.
Sikio hadi sikio: kumi na nne kasoro.
Chaki haikukosea.
Lakini dirisha lile liko juu.
Mtu alimshika kiunoni, akamwinua,
akamwambia jambo sikioni, pengine kwa upole,
na gizani miguu ikatafuta pa kukanyaga
ikapata beseni.
Yamila anageuka. "Baba, mkono wako baridi."
Namwambia alale.

Asubuhi nachomelea. Cheche zinaruka hadi kwenye mataulo,
Bi Ofelia anazizima kwa kiatu, moja moja, kama mende.
Nikimaliza anaukaribia wavu, anaingiza vidole.
"Mkono utapita?"
"Wa mtoto, utapita. Hadi kiwiko."
Anafikiri.
"Basi sabuni nitaihamisha."

Ananilipa nusu, nusu mwisho wa mwezi.
Kijiko amekirudisha kwenye sukari.
Nyuma yangu komeo la juu, komeo la chini;
nasimama kizingitini nisikilize, kama alivyonisihi.
Yanashika vizuri.
Kisha, kwa mbali, bafuni, bomba linafunguliwa,
na maji yanatiririka
kwa muda mrefu.