Tabaka la Sita

Jumatatu walinipa kisu butu na ukuta wa mashariki.
"Usichimbe," akasema Bi Nyanzobe wa Mambo ya Kale,
"kwangua kama unamtoa mtoto uji uliokaukia shavuni."
Basi nakwangua.

Juu kabisa ni krimu, ya ofisi ya bustani,
iliyopakwa mbiombio kwa ajili ya mgeni ambaye hakufika.
Chini yake kijani cha zahanati.
Chini ya kijani, bluu,
ya miaka nyumba ilipokuwa ghala la mbegu za pamba
na panya walikuwa na vyeo.
Kisha waridi, ambayo hakuna anayekubali kuipaka.
Kisha saruji.

Hapo fundi Magesa Lugata hutema mate pembeni.
"Saruji haipumui," husema, akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama daktari agongavyo kifua.
"Waliuziba mdomo, ukalia kwa ndani."
Kweli: nyuma ya saruji tofali limelowa
kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.
Miaka sitini ziwa limekuwa likipanda humu
bila kupiga hodi.

Jumamosi hatufanyi kazi ya maana.
Maharusi wa Mwanza nzima huja kupigwa picha kwenye nyasi,
na mpiga picha hutuomba tuondoe toroli,
tuondoe ngazi,
ikiwezekana tuondoe nyumba.
Nimo katika albamu nne, nyuma ya shela,
nimeshika ndoo.

Jumanne ya wiki ya tatu, tabaka la sita:
chokaa ya kwanza, nyeupe ya mfupa,
na juu yake, kwa penseli, mahali kabati liliposimama,
mistari. Minne wima, wa tano umelala.
Minne, wa tano. Minne, wa tano.
Halafu, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:
*Bulemo. Siku 40. Chumvi bado.*

Bango la mlangoni limeshachongwa.
Linamtaja Mzungu aliyepanda mijakaranda.
Halijui habari za chumvi.
Mhandisi anasema ukuta uwe sawasawa,
makadirio hayana kifungu cha mistari.
Bi Nyanzobe anasema kitawekwa kioo, na wanabishana
mpaka korongo anashuka jalalani kusikiliza.
Fundi Magesa hasemi kitu. Amekalia kopo la rangi,
midomo inahesabu,
nami najua anahesabu nini:
malipo yetu ya awamu ya pili
"yako njiani" tangu Pasaka.

Kioo kimeshinda. Kwingine kote tumepiga chokaa,
tabaka jembamba, na jingine, na jingine,
na usiku wa mwisho wadudu wa ziwa wakaja kama moshi,
wakanasa kwa maelfu kwenye ukuta mbichi.
"Wafagieni!" akafoka mhandisi asubuhi.
"Watakauka, wataanguka wenyewe," akajibu fundi.
"Watakaobaki, ni wa nyumba."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya dirisha la jikoni,
upande ambao maharusi hawasimami.
Kwa msumari, kabla haijashika:
minne wima, wa tano umelala.
*Nkwimba. Siku 52.*
Mbele yake nimeacha nafasi ya neno moja.
Sijaliandika.
Leo ni Alhamisi, na wamesema Ijumaa.