Saa ya Ini

Maabara yetu ya Tudor ina chumba kisicho dirisha.
Humo panya arubaini wanaishi gizani,
nami, na kurunzi yangu nyekundu na daftari,
huwabadilishia maji leo saa tatu, kesho saa nane,
wasije wakaisoma siku katika nyayo zangu.

Hawana jua. Hawana muuza kahawa wa kugonganisha vikombe.
Na bado kila mmoja hupanda gurudumu lake na kukimbia
wakati ule ule wa jana, akitangulia dakika chache,
kama mpangaji anayehama kwa siri,
leo kiti, kesho sufuria.

Daktari Mwachofi alinichorea nyuma ya risiti ya famasi:
katika kila seli, ndani ya kiini,
wapo wawili, Kloki na Bimali,
wameshikana juu ya uzi wa jeni.
Wakiushika, uzi husomwa;
ukisomwa, huzaliwa Peri, huzaliwa Krai,
wakatoka hadi uani mwa seli kukua,
wakivishwa fosfeti moja moja kama shanga,
wengine wakivunjwa kabla ya kupata mwenza.
Waliosalia hushikana, hurudi ndani,
na neno lao kwa waliowazaa ni moja:
nyamazeni.

Wazazi hunyamaza.
Kisha wana nao hutiwa alama, husagwa,
kimya kikabaki bila mlinzi,
na wale wawili wakaushika uzi tena.
Mzunguko huo, alisema, ndio siku.
Karibu siku. Haitimii sawasawa.
Mwili hauitaki alfajiri iuamshe,
huitaka iusahihishe.

Nikamwuliza mbona daftari lao
linahesabu saa tangu taa inapowashwa.
Ndivyo wafanyavyo wote wanaosoma saa hizi, akanijibu,
mwanga wa kwanza ni sifuri.
Nilicheka hata panya wakasimama magurudumuni.
Sifuri yenu ni kumi na mbili yetu!
Simu yangu huandika saba, ulimi wangu husoma moja,
na hatujakosana hata siku moja.

Kwangu Majengo yupo mwingine wa gizani.
Bwanakheri hupanda kreni ya Kilindini saa nne za usiku,
hushusha makontena chini ya taa nyeupe, mchana wa kununua.
Saa tisa hufungua kopo lake: wali wa nazi, kuku wa kupaka.
Saa moja huingia, nyumba inanuka mahamri,
hushusha pazia, hujifunga leso machoni.
"Usingizi hauyi," asema. "Naungojea tu."

Juzi nilimwekea mkono ubavuni, upande wa kulia.
Humu mna saa nyengine, nikamwambia.
Ile ya kichwani, juu ya mapishano ya mishipa ya macho,
seli elfu ishirini, huamini jua.
Hii ya ini huamini sahani.
Ukila saa tisa, ini huona kumekucha
na ubongo ungali usiku wa manane.
Mtu mmoja, miji miwili, na wewe ndiwe daraja.

Alikaa kimya, kisha:
"Kumbe ndiyo maana nakatika maini
bila mtu kunikosea."

Sasa namlisha saa mbili, kabla hajatoka.
Saa tisa hunywa maji, na hunitumia ujumbe wa kulalamika.
Sijui kama inafaa. Nimeanza kuandika,
mistari miwili kila asubuhi, kwenye daftari
ambalo si la maabara.

Panya namba kumi na saba alizaliwa bila Krai hata moja.
Yeye, gizani, hana siku kabisa:
hukimbia, hulala, hukimbia, husimama katikati ya gurudumu
kama aliyeitwa na mtu asiyemjua.
Jana, kinyume cha kanuni, niliinama kwenye kizimba chake
nikamnong'oneza: kumi na mbili na nusu.
Kumekucha, baba.

Hakuinua kichwa.